Orodha ya Watu wa Ghorofa ya Pili

Asubuhi tuliyoondoka Kitengela, Lin alikuwa amechuchumaa katika karakana yake ya kukata mawe, akiipaka grisi mashine iliyokuwa inapelekwa Khartoum. Mteja alisimama mlangoni akauliza kwa sauti, "Mchina yuko?"

"Yuko," Lin alijibu bila kuinua kichwa.

Alikuwa Mtaiwani. Miaka ya kwanza aliwasahihisha watu, kisha akaacha, kama mtu anavyochoka kufukuza mbuzi wa jirani. Aliyeendelea kusahihisha ni mkewe, Naserian, mzaliwa wa Kajiado. "Mkamba akiitwa Mkikuyu mnajua vile hukasirika," aliwaambia wafanyakazi. "Basi na huyu muacheni."

Mimi nilikuwa karani wake. Nina digrii ya fasihi, na ilinifikisha kwenye kuandika barua za kuagiza misumeno. Lin aliniita Profesa. Nilichukua mwaka mzima kugundua kwamba ananicheka. Alinibeba Khartoum kwa sababu niliwahi kusoma Kiarabu mihula miwili. Kilinitosha kuomba chai.

Tulikaa ghorofa ya pili ya nyumba ya wageni, mchana tukifunga mashine kwa mteja wa huko. Fundi wa mteja, Gao, alikuwa chumba cha pili. Gao ni Mchina wa bara, wa pwani inayotazamana na Taiwan, na yeye na Lin walikuwa na lugha moja ya mama. Wote walikuwa wamevuka sitini. Ujanani Lin alikuwa askari kwenye kisiwa kidogo mkabala na pwani hiyo, enzi pande mbili ziliporushiana makombora yaliyojaa vikaratasi vya propaganda, siku moja wanarusha, siku moja wanapumzika.

"Anasema spika zetu za kuwatangazia ng'ambo zilimnyima usingizi," Lin alinitafsiria siku moja, akicheka. "Namwambia, kombora lao liliangukia jikoni yetu. Mchele wa watu mia ukamwagika!"

Niliandika maneno hayo kwenye daftari. Niliona insha ndani yake.

Vita vilianza tukinywa chai.

Kwanza ndege, chini sana. Kisha dirisha likatuingilia vipande vipande. Lin alituvuta kwenye korido, akatupanga kando ya ukuta, akatuambia tufungue midomo ili masikio yasipasuke. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa askari.

Siku nne hatukutoka.

Maji yaliisha siku ya tatu.

Siku ya tano mtandao ulirudi kwa dakika chache. Afisa wa Kenya aliyekuwa akitafuta watu wake alinipigia. "Niandikie wote wako hapo. Wakenya na watu wa familia zao upande mmoja, wageni wengine kila mtu na kwao. Haraka."

Niliandika. Upande wa Kenya: mimi na wapishi wawili wa jengo hilo. Upande wa China: Gao, Lin.

Ningependa kusema nilikuwa na hofu, mkono ukateleza. Mkono haukuteleza. Uliandika Lin alivyoitwa kila siku mlangoni pake, nami nikajipongeza, kwa kuwa nchi kubwa huleta basi kubwa. Nilipiga picha karatasi, nikaituma. Lin alikuwa amesinzia. Sikumwamsha kumwonyesha.

Mabasi mawili yalikuja asubuhi iliyofuata, mtaa mmoja.

Basi la Wachina lilikuwa na nafasi. Kijana aliyeshika majina aliitazama pasipoti ya Lin, akampa kalamu kwa mikono miwili, kwa heshima. Angesaini tu kwamba ni raia wa China.

Gao alimsihi kwa lugha yao. Lin alinigeukia. "Anasema ni karatasi tu. Hata mimi najua ni karatasi. Nilirushiwa miaka miwili." Alimrudishia kijana kalamu, akamshukuru. "Mimi niko na bibi Mkenya. Nitaenda na nyinyi."

Nilikimbilia basi letu. Afisa alipitisha kidole kwenye simu.

"Lin. Hapa ni wa China."

"Ni kosa langu. Bibi yake ni wa Kajiado. Wako na wasichana wawili."

"Boss, viti vimejaa kwa hii listi. Ungemwandika jana."

"Atakaa chini."

"Kwa vizuizi vya jeshi, jina likikosa kwa listi, gari yote inarudishwa. Kesho kutwa kuna lingine. Nitamweka wa kwanza."

Lin alisikia yote. Hakuniuliza nani aliandika.

"Panda, Profesa," alisema. "Mwambie Naserian nakuja na la pili."

Nina insha kuhusu ujasiri. Ilichapishwa, ikasifiwa. Nilipanda.

Gao alilizuia basi lao karibu dakika kumi, mguu mmoja ngazini, akimwita Lin. Kisha naye akaondoka.

Kombora liliipiga ghorofa ya pili kesho yake. Mlinzi wa jengo ndiye aliyenipigia. Walimzika Lin uani.

Miaka imepita. Gao hunitumia picha za bahari kutoka kwao. Anga likitakata, kisiwa cha Lin huonekana. Hajui kwamba orodha ile niliiandika mimi. Naserian anajua. Nilimwambia wiki niliyofika, akanikaribisha chai. Sijui kama huo ni msamaha. Sijathubutu kuuliza.

Mwezi uliopita alinitaka nimsindikize Kajiado, ofisi ya usajili, kupata hati ya kifo. Bila hiyo karakana haiwezi kuhamia kwa wasichana. Nilijaza fomu kwa herufi kubwa. Penye uraia niliandika TAIWANI.

Karani alitafuta kwenye kompyuta. "Hii haiko hapa, mama. Si alikuwa Mchina?"

"Hapana," Naserian alisema.

"Mashine inakubali China tu. Ama ungoje hadi wa Nairobi watuongezee. Sijui lini."

Nilianza kueleza historia. Nilikuwa nimefika kwenye kisiwa Naserian aliponigusa mkono.

"Shemeji, wacha." Alivuta karatasi ambayo karani alikuwa ameichapisha, CHINA penye uraia. "Yeye alikataa kusaini, akabaki. Mimi niko na watoto."

Alisaini polepole, jina lote, akahakikisha wino umekauka.

Lin sasa yuko kwenye orodha mbili, zote chini ya nchi ileile. Ya kwanza hakuna aliyenilazimisha kuiandika.