Makofi Juu ya Uwanja wa Mbeya

Majeruhi alikuwa mfugaji wa Usangu, amechomwa mkuki pajani katika ugomvi wa maji ya ng'ombe. Miaka ile ya sabini nilikuwa rubani wa ndege ndogo ya misheni. Nilitoka Iringa, nikashuka kumchukua yeye na kaka yake, niwapeleke hospitali ya Mbeya. Tulimlaza sakafuni mwa ndege. Damu ilikuwa imelowesha kitenge alichofungwa.

Tulipofika, mvua ya mawe ilikuwa imefunika uwanja. Ilinibidi nizunguke juu ya mtambo wa redio wa uwanja hadi pafunguke, na upepo wa kusini ulikuwa ukitusukumia milimani. Ulitupiga kama mtu mwenye kisasi. Kichwa changu kiligonga dari, damu ikaniingia jichoni.

Nyuma yangu nikasikia kofi. Kisha jingine.

"Ndugu, mbona unampiga mgonjwa?"

"Akilala amekwenda, mzee. Kwetu anayevuja damu haachwi alale." Akamzaba tena. "Fumbua macho, mvivu we. Ng'ombe zako nitazila mimi."

Majeruhi akamtukania mama.

"Mama mwenyewe ni huyo huyo wako," kaka akasema, akamzaba.

Nilimwomba Mungu aniachie akili ya kuhesabu. Nikija kwenye redio, pua ya ndege ilitaka nyuzi kumi kuelekea upepo ili nisitoke njiani. Kwenye kona mbili za mzunguko huna la kufanya. Unageuka na upepo unakubeba utakavyo wenyewe. Kwa hiyo nikienda nje, kuiacha redio, nilielekeza pua nyuzi thelathini, kufidia na kile nilichonyang'anywa konani.

Kaka akachungulia dirishani. "Mbona tunakwenda ubavu, kama ng'ombe anayeburutwa joshoni?"

"Tukinyoosha pua tutagonga mlima."

Wingu likapasuka kulia kwetu, na mlima wenyewe ukaonekana, mweusi, karibu kuliko nilivyopenda. Upepo ulikuwa umezidi. Nikaongeza nyuzi, ndege ikatetemeka yote, mlima ukarudi nyuma taratibu. Makofi yaliendelea, na kila kofi lilipojibiwa kwa tusi nilimshukuru Mungu.

Mzunguko uliofuata uwanja ukafunguka. Tukatua kwa kishindo, tukiruka ruka kwenye maji.

Juma lililofuata nilikwenda wodini kumsalimu majeruhi. Alikuwa ameketi, anakunywa uji, kaka yake kando ya kitanda.

"Mguu unaendeleaje?"

"Mguu umepoa, mzee." Akamtazama kaka yake. "Mashavu bado."