Mwalimu na Mabeseni Yake

Taarifa ya msiba ilinikuta sokoni Iringa mjini nikichagua viazi. Mwalimu mkuu mstaafu wa shule moja ya bweni huko Mufindi amefariki, maziko ni kesho Igowole. Simu haikutulia mfukoni kwa salamu za wanafunzi wake wa zamani: jembe, baba wa taaluma, mtu asiyechoka. Mimi nilimaliza kwanza kuchagua viazi vyangu. Msomaji wangu, kama umezoea kukuta hapa maneno matamu juu ya marehemu, leo nivumilie. Marehemu mwenyewe aliniagiza nimwandikie, na ahadi niliyompa naitimiza kwa furaha ambayo sitaificha.

Wanaoijua Mufindi wanaijua baridi yake. Shuleni kwake kila mwanafunzi wa kidato cha nne alitakiwa kuwa na beseni, nasi nyumbani tulidhani ni la kufulia. Mitihani ya taifa ilipokaribia, mwalimu alifungua alichokiita kambi: watoto wanasoma mpaka alfajiri, miguu imetumbukizwa kwenye beseni la maji baridi ili wasisinzie. Anayesinzia aliongezewa maji. Anayelalamika alijibiwa, "Mtalala mkishafaulu."

Mdogo wangu wa kike alipita katika kambi hiyo. Ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake biolojia, alitaka kuwa daktari, na hakuna aliyekuwa na wasiwasi naye. Asubuhi ya mtihani alifungua karatasi asikumbuke kitu. "Kaka, nilikuwa najua," aliniambia akilia. "Haki ya Mungu nilikuwa najua. Vimeenda wapi?" Matokeo yalipotoka baba alikwenda shuleni kuuliza, na mwalimu akamjibu mbele ya walimu wengine, "Mzee, binti yako ni mvivu tu. Usingizi ndio uliomponza." Baba aliamini, kwa kuwa aliyesema ni mwalimu. Aliingia kaburini akiamini hivyo, na hilo sijamsamehe marehemu hata leo ninapoandika.

Vimeenda wapi? Havikuwa vimehifadhiwa. Wataalamu wa ubongo wanaeleza kwamba tunachojifunza mchana hakikai chenyewe. Tukilala, ubongo unakirudia, unakichambua na kukipeleka mahali pa kudumu. Asiyelala ni sawa na mkulima anayevuna mahindi akayaacha shambani yanyeshewe: kazi kafanya, ghalani hamna kitu. Lakini sisi tumeamua kukesha ndiyo bidii. Dereva wa lori anayetoka Dar hadi Mbeya bila kufumba macho tunamsifu, na shule ambayo taa zake hazizimwi tunaikimbilia na watoto wetu.

Ningeweza kusema mwalimu hakujua. Alijua. Miaka ya karibuni tulikuwa tukikutana kwenye mgahawa mmoja hapa mjini, na mzee yule alikumbuka jina la kila mwanafunzi, dawati alilokalia, hata kijiji cha wazazi wake. Siku moja nikamuuliza anawezaje. Akacheka. "Usingizi, ndugu mwandishi. Mchana nikishakula ugali wangu nilikuwa nafunga ofisi, nalala. Kitu nikikisoma nikakilalia, nikiamka kimekaa." Alisema hayo akikoroga chai, bila chembe ya aibu. Kisha akaongeza, "Siku nikienda uniandikie. Usinipunje." Nikamwahidi.

Kwenye maziko, mwalimu mkuu wa sasa alisimama akatangaza kwamba kumuenzi marehemu, kambi ya mabeseni itarudi mwaka huu kwa kidato cha nne wote. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mdogo wangu, ambaye siku hizi anauza mchele Chimala, alikuwa amekaa na akina mama. Binti yake yuko kidato cha nne shuleni hapo; tulimpeleka baada ya mwalimu kustaafu, tukidhani mabeseni yamestaafu naye. Mdogo wangu akainuka, akakaza kitenge chake kiunoni.

"Poleni na msiba, wazee wangu," alisema. "Wa kwangu atalala."

"Mama, hapa ni msibani," mwalimu mkuu akamwambia kwa upole.

"Naona, baba. Ndiyo maana nasema, mkimzika mzikeni na beseni lake."

Nilitegemea watu wamzomee. Badala yake mama mwingine, naye mwanafunzi wa zamani wa marehemu, akasema, "Na wangu atalala." Akafuata mwingine, na baba mmoja nyuma kule. Mwalimu mkuu akaketi, na mpaka naandika safu hii kambi haijatajwa tena.

Mzazi, mtihani ukikaribia usimuulize mtoto amekesha kiasi gani. Muulize amelala vizuri? Na ukiona beseni kwenye mahitaji ya shule, uliza ni la nini, uulize mapema, kabla hujaambiwa mwanao ni mvivu. Baba yangu hakupata mtu wa kumwambia hayo, nami siwezi tena kumwambia kwamba binti yake alikuwa anajua. Nimewaambia ninyi. Sijakupunja, mwalimu.