Alowe za Mama kule Ngezi

Siye tuliokulia Bunia miaka ile vita ilipokuwa imetulia bila kwisha, michezo yetu yote ilikuwa ndani ya lupango, kila mtoto kwenye kiwanja cha kwao. Barabarani yalipita magari meupe ya askari wa kigeni, na jua likianza tu kuinama, kila mama alisikika akiwaita wanawe kwa majina. Kwa hiyo lupango ndilo lilikuwa dunia yetu, na letu, kule mtaa wa Ngezi, lilijaa mimea ya mama.

Tuliporudi kutoka ukimbizini upande wa Mambasa, tulikuta nyumba haina paa. Manjanja yote, yaani mabati ya paa, yalikuwa yameng'olewa, milango na vitanda vimekwenda. Baba aliketi juu ya jiwe. Mama akazunguka nyuma, na mara tukamsikia anacheka. Katikati ya majani yaliyotuzidi kimo, alowe zake, yaani mishubiri, zilikuwa hai, na moja imetoa ua la rangi ya machungwa.

"Hizi zimetungojea," alisema.

Kabla hata paa halijarudi, bustani ilikuwa imesimama. Alikuwa na alowe ya majani manene, ya kupaka mtu aliyeungua na ya kuoshea nywele. Utomvu wake mchungu alimpaka dole gumba mdogo wangu Neema, aliyekuwa akilinyonya, akaacha kwa wiki moja. Alikuwa na alowe fupi yenye madoadoa kama kanga, na ile ndefu ambayo ndege wadogo walikuja kunyonya maua yake asubuhi. Kulikuwa na mmea wa majani marefu yaliyochongoka, ambao baba aliuita ulimi wa mama mukwe, ila si siku ambazo nyanya mzaa mama alikuja kututembelea. Mwingine ulizaa watoto pembeni mwa jani lenyewe. Tulilaza jani dirishani bila udongo wala maji, likaota mizizi, nasi tukalitazama kama sinema. Mama alipanda kwenye mikebe ya maziwa, kwenye sufuria zilizotoboka, hata kwenye kiatu kimoja cha baba ambacho mwenzake alipotea njiani.

Kati yetu na jirani kulikuwa na ua wa minyaa, ile miti ya vijiti vya kijani isiyo na majani. Ng'ambo aliishi Mama Kavira, mwuza vitenge aliyetoka Butembo. Yeye hakukimbia, na paa lake lilikuwa zima. Mama hakumshitaki kwa mtu, ila tangu turudi hakumsalimu.

Siku moja baba alikwenda Iga Barrière kutafuta maharagwe. Mpira wetu wa majani ya ndizi ukaingia ndani ya minyaa, Neema akaingiza kichwa kuufuata. Kijiti kikavunjika, maziwa yake yakamrukia machoni. Alilia kilio ambacho sijakisikia tena. Mama alitoka mbio, akamshika, akaanza kumfuta kwa kitenge, naye akazidi kulia.

"Usifute, Mama Lidia. Maji, leta maji mingi."

Mama Kavira, aliyemwita mama kwa jina langu, alikuwa amepasua ua kwa mwili wake, mikono imejaa maziwa yaleyale. Akamlaza Neema magotini, nami nikamimina maji jagi baada ya jagi, hadi bido yetu, lile dumu la maji, ikaisha, akatuma kwake ikaletwa nyingine. Kisha akambeba mwenyewe mgongoni hadi kituo cha afya, mama akikimbia kando yake. Muuguzi alisema kama si yale maji, mtoto angeharibika macho.

Waliporudi, waliketi wote wawili mbele ya alowe. Mama Kavira ndiye alianza.

"Ile siku walitoa manjanja zenu, nilikuwa naangalia. Walikuwa na bunduki. Nilifanya nini, weye mwenyewe sema?"

Mama alimgeukia. "Ulifanya vizuri kubaki muzima," akamjibu.

Baba alipotaka kuziba pengo la ua, mama alimkatalia. Alilima pale, akapanga alowe pande zote mbili, pakawa njia. Macho ya Neema yalipona. Leo ni fundi wa kushona, anatunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Vijana wa sasa wa Bunia wananunua alowe ndani ya chupa, wanajipaka na kujipiga picha. Binti yangu alishangaa kusikia kwamba ni mmea. Mimi bado ninazo, nzuri, zimejipanga chini ya ukuta wa matofali wenye vioo vilivyovunjika juu yake. Jirani wa ng'ambo sijawahi kumwona uso. Jioni namsikia anacheka na watoto wake, nami nasimama na maji yangu mkononi, nikitamani kujua wanacheka nini.