Mashine ya Mama Pasi

Mtaani mke wangu walimwita Mama Pasi. Aliwapigia watu nguo pasi tangu ujana wake. Shati likitoka mikononi mwake, hata mlevi alionekana bwana harusi. Kisha mapafu yakamgomea, tukapewa mashine ya kumsaidia kupumua. Ilinguruma kando ya kitanda usiku kucha.

"Huyu mume mwenzio anakoroma kukushinda," aliniambia. "Ila yeye haombi chai."

Mashine ilitaka umeme. Asubuhi moja ukakatika, mtaani kwetu tu. Ng'ambo ya barabara taa zinawaka. Jirani alikimbilia mtungi wa hewa. Aliporudi nao, nilikuwa nimeshamfumba macho mke wangu.

Wakubwa wa umeme wakatangaza redioni kwamba kosa ni la umeme wa upepo. Basi msibani watu wakamgeukia mkwe wangu, mume wa binti yetu, fundi wa mapanga ya upepo yanayozalisha umeme kule kilimani.

"Mafeni yako hayo yamemuua mkweo," mmoja akamwambia.

 Mkwe wangu aliendelea kuwagawia watu maji, na huyo naye akampa.

Nikamwita ndani anieleze. Akasema kituo kikubwa kilizimika ghafla. Hapo umeme wa nchi nzima hulegea mwendo, na ukilegea mno, mitambo hukata mitaa mingine ili mingine ipone. Sisi ndio hukatwa kwanza. Mapanga ni mazito na yanazunguka. Yakitegeshwa kwa dharura kama hiyo, husukuma nguvu ya ziada papo hapo, mpaka vituo vingine vishike mzigo.

"Yenu mbona hayakusukuma?"

"Hayajategeshwa, baba. Tuliomba. Hatukupewa ruhusa."

Nilikwenda ofisini kwa wakubwa wa umeme. Bwana mkubwa akanipa pole, akasema upepo hauaminiki. Nikamuuliza nani aliwakataza mafundi. Akaangalia simu yake. Kesho yake nikarudi na kiti changu, nikakaa mlangoni pake. Nikawa narudi kila siku, na shati lile lile, la mwisho mke wangu alilonipigia pasi, mpaka likajikunja lote. Mwishowe wakatoa ruhusa, nadhani kwa kuchoka kuniona.

Leo mchana kituo kile kimezimika tena. Feni ya chumbani ikalegea kidogo, ikarudi mwendo wake. Taa hazikuzimika. Mkwe wangu akanipigia simu kwa furaha: mapanga yamesukuma. Majirani wakapita kushukuru, na yule aliyemlaumu mkwe wangu msibani akiwamo.

Mimi simshukuru mtu pale ofisini. Mapanga ni yale yale, upepo ni ule ule. Kumbe iliwezekana.

Mashine bado iko kando ya kitanda. Nimeifunika kanga ya mke wangu.