Wakulima Niliowaanika Juani

Nakumbuka asubuhi moja niliyoingia Chumbageni kwa Bi Mwanaidi, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, barua mkononi na kifua mbele. Mwanangu, mimi niliishia darasa la saba, lakini leo uliza Pongwe nzima ghala la viungo ni la nani. Kiingereza nilikiokota kwa watalii wapandao milima ya Amani, na ujana ule nani angenifunga mdomo? Debe tupu haliachi kuvuma.

Kina mama wa Amani walikuwa wamenikabidhi pilipili manga yao ya msimu mzima. Nikamwandikia mnunuzi wa ng'ambo kwa faksi. Akajibu kwa mstari mmoja: hajaelewa kama nauza au nanunua, na Ijumaa ikipita bila maelezo, atatafuta mwingine.

"Shikamoo, mwalimu. Mzungu huyu hajui Kiingereza!"

"Marahaba. Hebu nisomee ulichomwandikia, na usivute pumzi mpaka ufike kwenye nukta."

Nilikuwa nimeandika kama tuandikavyo sisi watu wa pwani: salamu kwake, kwa mkewe, kwa watoto, kwa wote wanaoniulizia, kisha mvua, kisha barabara, kisha pilipili, yote kamba moja. Nukta ya kwanza ilikuwa chini kabisa ya ukurasa wa kwanza. Nikasoma, pumzi ikaniishia, nikakohoa hata watoto sijawafikia.

"Kumbe hata mwenyewe imekushinda," akasema, akaichukua barua, akawa ananirudishia maneno yangu kwa Kiswahili. "Kwenye ukurasa wa pili wairudia mvua: 'Ingawa mvua ilinyesha sana.' Ukaweka nukta. Ehe, ingawa ilinyesha, ikawaje? Mbona umeniacha mlangoni?"

Nikainama kuutazama mstari ule.

"Na hapa: 'Baada ya kukaushwa siku tano juani, wakulima wangu wanakungoja.' Haya baba, umewaanika wakulima?" Akacheka mpaka mchele ukamwagika kutoka kwenye ungo aliokuwa ameupakata.

Mimi sikucheka. Ilikuwa Jumatano. "Basi niandikie wewe, mwalimu."

"Nikikuandikia leo, kesho utamwandikisha nani? Kaa hapo."

Nikakaa barazani kwake mpaka adhuhuri, nikaiandika mara tatu. Kila sentensi aliiuliza maswali yale yale: "Nani? Kafanya nini?" Nikikosa jibu, anaikata. Nimekutana na wasomi wengi, wenye tai na wenye magari. Kichwa kama cha mama yule sijakiona tena.

Jioni ile nikaituma kwa faksi, na Alhamisi jibu likaja: nimeelewa, lete mzigo. Kina mama wakanipigia vigelegele. Nami, pamoja na kupenda kwangu sifa, siku ile nilisema, "Hivyo mpelekeeni Bi Mwanaidi."

Basi, mwanangu, ukiandika Kiingereza, jambo likiisha weka nukta. Uliloanza, limalize. Neno la kueleza kitu liweke karibu na kitu chenyewe, lisimwangukie jirani. Kisha isome kwa sauti mbele ya mtu asiyekuogopa. Mficha uchi hazai.

Mola aibariki kalamu yako, akujaalie na mwalimu asiyeona haya kukukosoa. Amin.