Mama Hakuwa na Mate

Kwetu mtoto haendi mbali bila kutemewa mate. Usishtuke, si tusi. Mzazi anakusemea maneno mazuri, kisha anakurushia mate kidogo viganjani, nawe unajipaka usoni. Ndiyo baraka yenyewe. Nami nilikuwa naenda mbali, miaka miwili, na mama yangu hakuwa na mate.

Alikuwa ameugua uvimbe wa shingo. Tulivuka mpaka wa nchi ili akachomwe mionzi, uvimbe ukaisha, Mungu asifiwe, lakini mionzi ikaua na tezi za mate. Akarudi nyumbani Ruashi na kinywa kikavu kama gunia. Bukari, ugali wetu, hakuumeza tena bila kuusukuma kwa maji. Akawa mtu wa uji na kununa, yeye ambaye zamani alimaliza sahani nzima ya sombe, kisamvu chetu, huku akiwasema majirani.

Mimi ni msaidizi wa mwalimu wa biolojia, chuoni Kasapa. Safari yangu ilikuwa ya kujifunza kuotesha seli za tezi za mate. Nafasi hiyo niliimezea mate muda mrefu. Mama aliposikia msemo huo akanitania, "Heri weye uko na ya kumezea."

Nilimweleza jikoni: unachukua seli shina za mtu, seli changa ambazo bado hazijachagua kazi, unazilisha katika kisahani cha maabara siku baada ya siku, mpaka zikubali kuwa seli za mate.

"Banapanda mate mu sahani?" Akacheka hadi akakohoa. "Sasa yangu itaota siku gani?"

Nikamwambia ukweli: kazi bado ni changa, huenda isimfikie. Akafuta meza iliyokwisha kufutwa. Nilijichukia.

Asubuhi ya kuondoka alikuja mjomba, kaka yake mama. Mama akanikalisha mbele yake, akasema maneno yake yote, akafungua mdomo. Hakuna kitu. Akalamba ndimu, akajaribu tena. Hewa tu. Mimi na usomi wangu wote nikamletea kikombe cha maji.

"Mama, tumia hii. Iko sawasawa tu."

Lo! Jicho alilonitolea! "Maji iko ya kila muntu." Akanyooshea kidole bomba la maji. "Hata robine inatema maji."

Mjomba akajikohoza, akainuka. "Dada, acha nimutemee miye."

"Ni weye ulimuzaa?"

Mjomba akarudi kwenye kiti chake. Mama akaanza kulia, nami nikashindwa kuvumilia, nikasema basi, siendi, ndege iende zake. Kwa kweli niliogopa. Kuondoka bila baraka ya mama ni kuondoka kama mtu aliyefukuzwa.

"Unaenda," akasema. Akanyoosha kiganja chake. "Tema hapa."

"Mama!"

"Tema, nasema!"

Mtoto gani anatemea mkono wa mama yake? Niliona aibu kuliko siku zote za maisha yangu. Nikatema kidogo sana, macho nimefumba. Nikasikia kidole chake kikinichora msalaba kwenye paji la uso, polepole, kisha kiganja chote kikapita mashavuni.

"Hii mate, ni miye nilikupa mu tumbo yangu," akasema. "Leo naazima tu. Sasa enda, mutoto yangu."