Kisiki cha Sipre

Juzi nilipita mbele ya karakana ya seremala hapa ninapoishi, naye alikuwa akipiga randa mbao, na harufu ikanishika pale pale barabarani. Ilikuwa harufu ya sipre, kali kidogo, tamu kidogo. Watu walinipita wakinishangaa, mama mzima na kikapu chake cha mboga, amesimama kama aliyesahau njia ya kwake. Nyinyi mnaonisoma msinicheke. Kila mtu ana harufu yake inayompeleka asikotaka kwenda.

Mimi ilinipeleka kwenye kilima kimoja juu ya Gihundwe, miaka ya themanini, nyumbani kwa dada ya mama yangu. Nilimwita Mama Mkubwa. Hakuwa na mume wala mtoto, na maneno aliyatoa kwa kipimo. Aliuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, sokoni Kamembe, na hata kanisani alinuka samaki, tena bila aibu. Mama yangu yeye aliuza vitenge. Alivuka mpaka kwenye daraja la Rusizi kwenda Bukavu, akarudi mwisho wa juma na mikate, habari na vicheko, nyumba ikajaa. Kisha akavuka safari moja, asirudi.

Nilipouliza, Mama Mkubwa alinijibu kwamba subira huvuta heri. Nikasubiri. Shuleni Kiswahili changu cha Bukavu, nilichojifunza kwa mama, kiliwachekesha wenzangu, basi nikajifunza kunyamaza. Jioni nilikaa nyuma ya nyumba nikitazama ng'ambo ya ziwa, taa za Bukavu zikiwaka moja baada ya nyingine, nikichagua ipi ni ya mama. Nilikuwa mpweke, na sitalipamba neno hilo.

Juu ya nyumba yetu ulianza msitu wa kilima kizima. Haukuwa wa mtu mmoja. Kila nyumba ilitoa mikono ya kupanda na kupalilia, na kila nyumba ilipata kuni na miti ya kujengea kwa zamu yake. Sehemu kubwa ilikuwa mikaratusi, ambayo sisi tuliiita inturusu, na upande wa juu palikuwa na mstari wa sipre. Aliyechaguliwa kuuangalia msitu huo alikuwa jirani yetu Papa Anastazi, mtu mwenye tumbo lililomtangulia na moyo mwepesi, aliyependa kusema kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Ni yeye aliyewaita watu wa kilima kingine, huko karibu na msitu wa Nyungwe, waje tufundishane. Sisi tuliwaonyesha namna ya kuotesha miche. Wao walituonyesha kukata: kata mti chini kabisa, kata mshazari ili maji ya mvua yasitulie juu ya kisiki, halafu machipukizi yakitoka chagua yenye nguvu, mengine ondoa. Kilima kizima kiliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeuliza swali, kwa sababu kwetu mgeni wa mara ya kwanza hahojiwi. Anashukuriwa na kulishwa. Basi wageni walipoondoka watu wetu, kwa ari waliyokuwa nayo, wakakata mikaratusi, na walipoimaliza wakakata na sipre vilevile. Harufu ilishuka hadi chumbani kwangu.

Jioni hiyo nililia nikimtaka mama. Mama Mkubwa alikuwa amechoka. Akaninyooshea mkono kuelekea juu, kwenye kisiki kilichokuwa karibu na ua wetu.

"Unaona kile kisiki? Kama kinachipuka, maman yako atarudia."

Tangu hapo nikawa mlinzi wa kisiki. Nilikizungushia mawe mbuzi wasikisogelee. Nilikimwagia maji hata mvua ikinyesha. Visiki vya mikaratusi vilifunika kilima kwa majani, na mimi niliviangalia kwa wivu, mtoto anayevionea wivu visiki! Changu kilikuwa kimya. Kilitoa utomvu kidogo, nao nikauchukulia kuwa ni dalili njema. Masika yakapita.

Wageni waliporudi, tuliketi wote msituni mchana, wakubwa na watoto. Hapo palikuwa na desturi nyingine: mgeni wa mara ya pili anaambiwa kwanza kilichoharibika, tena kabla ya chakula, kwani, alisema Papa Anastazi, mtu akishashiba husifu kila kitu. Akasimama, sahani za sambaza zikisubiri.

"Bageni, tuanze na bile bilituharibikia. Tulikata na sipre, sawa vile mulitufundisha ku inturusu. Yote imekufa."

Mzee mmoja wa wageni akashika kichwa. "Sipre? Kwetu haiko! Mbona hamukuuliza?"

"Mulikuwa bageni," akajibu Papa Anastazi, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mimi sikucheka. Nilisimama.

"Papa, haitachipuka hata kidogo?"

"Hata kidogo, mtoto wangu. Sipre ukiikata chini, njo basi. Tutapanda ingine."

"Basi maman hatarudia?"

Kicheko kikakatika. Papa Anastazi hakuelewa, lakini wanawake walielewa, na macho yao yakamgeukia Mama Mkubwa. Angeweza kunivuta niketi. Aliweka chini sahani aliyokuwa ameishika.

"Hatarudia," akasema mbele ya vilima viwili. "Aliolewa kule Bukavu. Bwana yake hataki mtoto wa mwingine. Nilifanya kosa kukudanganya."

Yule mzee mgeni alitazama chini. Baadaye chakula kikaliwa, wakakubaliana kwamba habari ya sipre ipelekwe kwenye vilima vingine watu wasirudie kosa, na mvua zilizofuata mstari ukapandwa upya. Mimi sikula. Kwa muda mrefu sikumsemesha Mama Mkubwa ila kwa lazima, na yeye, kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno, aliniacha.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe siku nilipomuuliza kwa nini alichagua kisiki. Alikuwa mzee, hatoki tena kwenda sokoni. Akaniambia kwamba yeye pia alidhani kitachipuka. Kila alfajiri, mimi nikiwa bado nimelala, alikuwa akipanda juu kukitazama kabla ya kubeba beseni lake la samaki. Alijua vema kuwa mdogo wake ameolewa, mdogo wake wa pekee aliyemlea mgongoni, na bado alipanda.

Mimi nilidhani katika nyumba ile ni mimi tu niliyeachwa. Tulikuwa wawili, na kila mmoja alingoja peke yake.